Nilivunjika paja, kazi ikawa kulikunja goti

Ukivunjika mfupa wa paja, kila anayekuja kukupa pole anauliza habari za mfupa. Umeunga? Chuma kimekaa vizuri? Picha inasemaje? Nimepita humo, na ninachotaka kumwambia aliye kitandani sasa hivi, au anayemuuguza ndugu yake, ni habari ya goti. Mfupa wangu uliunga bila matata. Goti ndilo lililonitoa machozi, na ndilo nililolipigania miezi na miezi.

Mimi ni fundi cherehani, Mbagala. Nilikuwa nimepanda bodaboda, natoka Kariakoo kuchukua vitambaa, gari dogo likatugonga ubavuni Barabara ya Kilwa. Dereva wa bodaboda alitoka na michubuko. Mimi sikupoteza fahamu, na sikuhitaji daktari aniambie kuwa nimevunjika: paja la kushoto lilikuwa limepinda mahali pasipo na kiungo, na unyayo umelalia upande wa nje peke yake. Watu wakataka kuninyanyua kwa kunishika mikono na miguu. Mama mmoja muuza matunda akawafokea, akaondoa matunda mezani, akatoa ubao. Wakaufunga mguu uliovunjika pamoja na ule mzima kwa kanga, ndipo wakanipakia. Namwombea dua yule mama mpaka leo. Nilikuja kuelezwa hospitalini kwamba paja likivunjika linaweza kuficha damu zaidi ya lita moja ndani kwa ndani, nje usione tone, na kila mguu unapotikiswa bila kufungwa, ncha za mfupa zinazidi kuchana nyama na mishipa.

Hospitali ya kwanza walinitundikia dripu, wakapiga eksirei, shemeji akakimbilia polisi kufuata PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, kisha nikapewa rufaa kwenda Muhimbili, Taasisi ya Mifupa, ile tunayoiita MOI. Hapo ndipo mjadala wa familia ulipoanza.

Mama alifika kutoka Kilwa na neno moja: nisikubali kupasuliwa. "Mwanangu, kwetu yupo mzee anaunga mifupa. Amemuunga mtoto wa dada yako mkono, umemwona mwenyewe anapanda minazi." Na kweli nimemwona. Sikumdharau mama wala yule mzee. Daktari naye hakumdharau. Alimwamkia shikamoo, akamsogezea kiti, akaiinua picha kwenye mwanga na kumwonyesha vipande viwili vya mfupa vimepandana, kimoja kando ya kingine. Akamweleza kwamba misuli ya paja ina nguvu sana. Mfupa ukishakatika inavivuta vile vipande vipishane, mguu unafupika. Mkono wa mtoto unaweza kutulia ndani ya vipande vya mianzi, lakini paja la mtu mzima mianzi haiwezi kulizuia. Tena akasema jambo ambalo naona kila familia ingelisikia: vifungo vikikazwa juu ya mguu unaovimba, damu inakatika, na wapo waliofika wodini mfupa ukiwa si tatizo tena kwa sababu mguu wenyewe umeshakufa. Mama alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Huo upasuaji, atatembea?" Akajibiwa, "Mama, chuma kitamshikia mfupa. Kutembea atatembea mwenyewe."

Ipo njia ya zamani isiyo na kisu, nayo ni kuvutwa. Wanapitisha pini kwenye mfupa wa chini ya goti, wanafunga kamba yenye uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda, ili misuli ichoke na mfupa unyooke. Nililala hivyo nikisubiri zamu ya thieta, na maumivu yalipungua sana. Lakini kuutibu mfupa kwa njia hiyo peke yake ni wiki 6 hadi 12 za kulala chali. Mtu anapata vidonda vya mgongoni, damu inaganda kwenye mishipa ya miguu, mfupa unaweza kuunga umepinda, na goti linakauka. Kwangu mimi ninayekula kwa kukaa kwenye cherehani, hesabu ilikuwa wazi.

Kabla ya kunipeleka thieta daktari alinionyesha chuma chenyewe, nikakishika. Ni fimbo nzito, haina uwazi ndani, ina matundu karibu na kila ncha. Inaingizwa kupitia juu, penye nyonga, inashuka katikati ya mfupa ulimo uboho, halafu skrubu zinapita kwenye yale matundu ili mfupa usizunguke wala usifupike. Wazo la kuweka fimbo ndani ya mfupa wa paja lilishika mizizi kwa daktari Mjerumani, Gerhard Küntscher, aliyemfanyia mgonjwa wake wa kwanza mjini Kiel mwaka 1939. Cha kwangu kinaitwa SIGN. Mwaka 1999 daktari wa mifupa Mmarekani, Lewis Zirkle, aliyekuwa amewahi kuwa daktari wa jeshi Vietnam, alianzisha shirika la kuvitengeneza kule Richland, jimbo la Washington, kwa ajili ya hospitali za nchi zetu. Shida iliyokuwepo ni kwamba vyuma vingi vya aina hii vinataka mashine ya eksirei iwake wakati upasuaji unaendelea, ili daktari ayaone matundu yaliyozama ndani ya mfupa. Hiki kina mkono wa chuma unaokaa nje ya paja, sambamba na fimbo, na matundu yake yanalingana na yale ya ndani. Daktari anafuata huo mkono kutoboa. Hospitali zinapewa vyuma hivi bure, na zinapotuma taarifa na picha za wagonjwa waliowekewa, zinaletewa vingine. Ninaandika haya kwa sababu nilipoyajua niliacha kuogopa. Nilitaka kujua ni kitu gani hicho kitakachokaa ndani yangu.

Thieta sikupewa nusu kaputi. Nilichomwa sindano ya ganzi ya mgongo, kuanzia kiunoni kushuka nikawa sina habari, ila masikio yanafanya kazi. Niliisikia drili. Niliisikia nyundo, na kila pigo likawa linanisukuma kidogo kuelekea kichwani bila kuuma hata chembe. Sista mmoja alikaa karibu na uso wangu akinipigisha stori za mishono ya vitenge. Shemeji na vijana wawili wa mtaani walikuwa wamechangia damu, na niliongezewa. Mengine ya siku ile siyakumbuki vizuri.

Kesho yake, nikiwa bado naona kizunguzungu, akaja dada wa fiziotherapia, yaani wa mazoezi ya tiba. Akasema, "Haya, goti." Nikamwambia kilichovunjika ni paja. Akacheka, akavuta kiti, akaniwekea mkono juu ya goti. Msuli mkubwa wa mbele wa paja, alisema, ndio unaonyoosha goti, na unapita juu kabisa ya pale palipovunjika. Pale ndani kuna damu iliyomwagika na nyama zilizochanika. Vikipona vimetulia, msuli unagandana na mfupa, na hata mfupa ukija kuunga vizuri kabisa utabaki na mguu ulionyooka kama ufagio. "Wiki hizi za mwanzo ndizo zako," akaniambia. "Goti likishakauka, kulirudisha ni kazi nyingine, wakati mwingine ni thieta tena."

Zoezi la kwanza ni la kukaza paja tu: unalisukuma goti chini kwenye godoro, unahesabu mpaka tano, unaachia. La pili ni kuchezesha kifundo cha mguu juu na chini mara nyingi mchana kutwa, hilo ni la kuisukuma damu isigande. La tatu ndilo lililonitoa jasho: kuburuta kisigino kuelekea makalioni. Shuka ya hospitali inakamata kisigino, mguu hauendi. Dada yangu akaleta sinia la bati kutoka nyumbani, akalipaka poda ya mtoto, tukaliweka chini ya mguu. Kisigino kikawa kinateleza. Nilikuwa napitisha kanga chini ya unyayo, nashika ncha zake mbili kwa mikono, navuta taratibu mpaka maumivu yanaposema hapa, nabaki hapohapo napumua, halafu naongeza kidogo. Dada wa mazoezi alikuwa na kipimo cha rula mbili zilizoungana, anakiweka ubavuni mwa goti na kusoma nyuzi. Siku za mwanzo goti halikufika hata nusu ya pembe mraba.

Alinipa hesabu ambayo niliiandika nyuma ya kadi ya kliniki. Kutembea kwa kawaida kunataka goti lijikunje kama nyuzi 60 hivi. Kukaa kitini, nyuzi 90. Kuchuchumaa, 120 na zaidi, na kukaa tahiyatu, ule mkao wa kukalia miguu kwenye swala, zaidi ya hapo. Madaktari wa nchi za viti na vyoo vya kukaa wanaweza kuridhika na 100. Mimi nyumbani nina choo cha kuchuchumaa, napikia jiko la mkaa nikiwa kwenye kigoda, na nasali. Nyuzi 100 zingenifanya mgeni ndani ya nyumba yangu.

Wiki za mwanzo nyumbani, choo ndicho kilichotusumbua kuliko dawa. Fundi seremala wa mtaani akachukua kiti cha mbao, akakitoboa katikati, tukakiweka juu ya tundu. Ukiwa na mgonjwa wa mguu, fanya hilo kabla hajatoka wodini. Jambo la pili ni magongo. Hakikisha yanalingana na urefu wako, uzito ukae kwenye viganja na si kwapani. Daktari aliniruhusu kukanyaga kidogokidogo kwa sababu mvunjiko wangu ulikuwa umekatika sawa. Aliyekuwa kitanda cha pili, mfupa wake ulikuwa vipande vipande, yeye aliambiwa asikanyage kabisa. Kwa hiyo usifuate ruhusa ya mwenzako.

Mashangazi walikuja na supu ya kongoro, nikainywa, na mayai na dagaa na maharage nikala, maana mfupa unajengwa kwa chakula. Walikuja pia na mafuta ya moto wakitaka kunikanda paja. Hapo nilikataa, kwa heshima. Niliambiwa kliniki kwamba kukandwa kwa nguvu msuli uliojeruhiwa kunaweza kuufanya uote mfupa ndani ya nyama, na goti linalokunjwa kwa lazima na mtu mwingine huvimba na kurudi nyuma. Nilikuwa nameza dawa ya maumivu kama nusu saa kabla ya zoezi, nakunja mwenyewe, kisha naweka barafu iliyofungwa kwenye taulo. Nilikuwa pia naangalia mambo mawili kila asubuhi: mshono kama unatoa majimaji au una joto, na msuli wa nyuma ya muundi kama umevimba au unauma ghafla. La kwanza ni dalili ya maambukizi. La pili linaweza kuwa damu iliyoganda, na likifuatwa na pumzi kubana, ni kukimbilia hospitali usiku uleule.

Kulikuwa na majuma ambayo goti halikuongezeka hata kidogo. Naliburuta, navuta kanga, nalia, kipimo kinasoma palepale. Sitaki kudanganya mtu hapa: hizo ndizo wiki ambazo wengi wanaacha, kwa sababu mfupa hauumi tena na watu wanakuona unatembea na magongo vizuri. Kilichonivusha ni cherehani. Goti lilipofika nyuzi 90 hivi, dada wa mazoezi aliniruhusu kukaa kwenye cherehani yangu ya miguu, mguu wa kushoto juu ya pedali, wa kulia ukifanya kazi kubwa. Nikaanza na kupinda mapindo ya mashuka, kazi isiyotaka haraka. Pedali inaupeleka mguu mbele na nyuma bila kikomo, na akili iko kwenye kitambaa. Jioni, mguu ukiwa umepata joto, ndipo navuta kanga, na hapo nyuzi zikaanza kuongezeka tena.

Picha ya eksirei kliniki ilionyesha wingu jeupe likiuzunguka mvunjiko. Daktari alifurahi: ule ni mfupa mpya, bado laini, utaendelea kukomaa. Picha zilizofuata wingu likawa gumu, kingo zikashikana, nikaacha gongo moja, baadaye la pili. Nilikuwa nachechemea, kiuno kinaanguka upande mmoja, kwa sababu misuli ya nyonga ilipitiwa wakati wa kuingiza chuma. Dawa yake ikawa kulala ubavu na kuinua mguu juu, kila usiku.

Kisha siku moja kliniki daktari akatoa simu na kuniambia, "Chuchumaa nikupige picha." Nilidhani ananitania. Kumbe wanaotumia SIGN huombwa kutuma picha ya mgonjwa amechuchumaa, kwa sababu mtu anayeweza kuchuchumaa na kuinuka, nyonga yake, goti lake na mfupa wake vyote vimejieleza. Mara ya kwanza niliishia nusu, nimeshika ukingo wa meza. Aliipiga hivyohivyo na kuituma. Kliniki iliyofuata nilishuka mpaka chini, visigino vyote viwili vimegusa sakafu, mama yuko pembeni anapiga vigelegele mpaka wagonjwa wa foleni wakachungulia.

Leo naswali bila kiti. Tahiyatu ndefu bado inanibana goti, nikilalia ubavu wa kushoto muda mrefu panauma pale chuma kilipoingilia, na msimu wa mvua paja linanikumbusha. Mguu haujafupika. Nimemuuliza daktari kama chuma kitolewe. Amesema kisiponisumbua kinaweza kubaki maisha yote. Kukitoa ni upasuaji mwingine, na mfupa ukishaachwa na matundu ya skrubu unataka muda wa kuangaliwa tena. Nimeamua kibaki. Likizo ya Desemba nina sare za shule nyingi za kushona.