Bwawa la Bustani Lizibwe Kwanza, Rangi Ifuate

Bustani ya umma iliyo jirani na mtaa wetu hapa Tabora imeanza kufanyiwa ukarabati, na kazi kubwa iko kwenye bwawa la duara lenye bomba la kurusha maji katikati, pamoja na njia ya waenda kwa miguu inayolizunguka. Nimefurahi sana, kwa kuwa mji uliotegemea Bwawa la Igombe kwa miaka mingi kabla ya kufikiwa na maji ya Ziwa Victoria hauwezi kuyachezea maji, hata yale ya mapambo.

Hofu yangu ilikuwa lipu mpya na rangi ya buluu kupakwa juu ya nyufa. Ufa uliofunikwa namna hiyo huendelea kuvuja chini kwa chini, udongo ukalainika, hatimaye sakafu ikatitia. Nilifarijika kumwona fundi akijaza bwawa, akichora alama ukutani kwenye usawa wa maji, kisha akiweka kwenye kidato cha ndani ndoo ya maji yenye alama yake. Maji ya ndoo hupunguzwa na jua na upepo tu, kwa hiyo ya bwawa yakishuka zaidi, kinachozidi kimevuja. Kesho yake maji ya bwawa yalikuwa yameshuka upana wa vidole viwili, ilhali ya ndoo hayakufikisha hata kimoja. Mvujo ulikuwa pale bomba linapopenya sakafu. Walichimbua zege bovu, wakajaza jipya lenye dawa ya kuzuia maji, wakalifunika kwa magunia yanayoloweshwa kwa siku 7, maana saruji ikikaushwa haraka hupasuka.

Kwenye njia, mizizi ya miembe imenyanyua vitofali, na wapo wanaotaka ikatwe. Sikubaliani nao hata kidogo: mizizi minene iliyo karibu na shina ndiyo inayoushikilia mti wakati wa upepo, na jeraha lake hukaribisha uozo. Afadhali njia iinuliwe kwa kokoto na mchanga, vitofali vipangwe bila saruji ili viweze kung'olewa na kurudishwa, na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita uelekee mtaroni, matope yasiingie bwawani.

Pampu ikizimwa, maji hutuama, na yai la mbu huweza kuwa mbu kamili ndani ya wiki mbili au pungufu. Kwa hiyo naomba fedha za umeme na za mtu wa kusafisha chujio kila wiki zitengwe kabla ya kununuliwa taa za rangi.