Ukitafuta mitaa iliyo hatarini wakati wa janga, hesabu watu chumbani kwanza

Kila janga linapoingia jijini, takwimu inayoletwa mezani mapema ni idadi ya watu kwa kilomita ya mraba. Ni rahisi kuipata, na inapotosha. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19 jijini New York, Manhattan ndiyo iliyokuwa na msongamano mkubwa kuliko wilaya zote za jiji, lakini Bronx na Queens ziliumia zaidi. Ugonjwa wa njia ya hewa husambaa kirahisi pale watu wanapolala chumba kimoja, kwa hiyo pima watu kwa chumba. UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, huihesabu kaya kuwa imebanana pale chumba kimoja kinapotumiwa na zaidi ya watu watatu. Usichukue wastani wa mtaa. Chukua asilimia ya kaya zilizovuka kiwango hicho, maana nyumba chache kubwa zenye watu wachache huushusha wastani na kuwaficha waliobanana.

Baada ya hapo ongeza kaya zinazotumia choo cha pamoja, kaya ambazo kwenda kuchota maji, kupanga foleni na kurudi huchukua zaidi ya dakika 30, na watu wanaolipwa kwa kutwa, ambao hawawezi kukaa ndani hata serikali ikitangaza. Kisha wazee, wenye magonjwa sugu, na umbali wa kufika hospitali yenye oksijeni.

Vipimo hivi havijumlishiki jinsi vilivyo, maana kimoja ni asilimia na kingine ni umbali. Kwa kila kimoja, chukua thamani ya mtaa, toa wastani wa jiji, gawanya kwa mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi mitaa inavyotawanyika kutoka kwenye wastani huo. Jibu ndilo alama ya mtaa kwa kipimo hicho. Angalia mwelekeo: asilimia ya wenye bomba nyumbani ikipanda, hatari inashuka, kwa hiyo alama yake igeuzwe kwa kuzidisha na −1. Kosa hili likipita, mtaa wenye maji tele unaonekana hatarini, na ramani inabaki nzuri tu machoni, hakuna anayeshtuka.

Sasa hapa ndipo ninaposisitiza: usiyeyushe kila kitu kuwa namba moja. Mtaa wa kwanza una alama 1.2 kwa wazee na −1.2 kwa kubanana. Wa pili una −1.2 kwa wazee na 1.2 kwa kubanana. Ukijumlisha, yote miwili ni sifuri, yaani mitaa ya kawaida isiyohitaji kitu. Ukweli ni kwamba wa kwanza unahitaji chanjo ya mapema, na wa pili unahitaji maji, mahali pa kujitenga kwa hiari na fedha za kujikimu. Mitaa ya kipato cha chini mara nyingi ina vijana wengi, hivyo umri hufuta umaskini kwenye jumla na wanaokosa msaada ni walewale. Toa alama tatu: kuambukizwa, kuugua vibaya, na uwezo wa kuhimili.

Idadi ya wagonjwa iliyoripotiwa iache nje ya alama. Pasipopimwa watu hapaonekani wagonjwa, na mitaa isiyo na vituo vya kupimia hupata sifa ya usalama isiyoistahili. Ukitaka kuhakiki alama zako, tumia vifo vilivyorekebishwa kwa umri, yaani hesabu inayoondoa tofauti ya wingi wa wazee kati ya mitaa, kwa tahadhari: katika mtaa wa watu 800, kifo kimoja ni sawa na 125 kwa kila watu 100,000, na cha pili kinaifanya 250. Unganisha miezi kadhaa au mitaa jirani inayofanana kabla ya kusema lolote.

Mwisho, badilisha uzito wa vipimo, yaani kila kimoja kihesabiwe kwa kiasi gani, mara kadhaa na uipange mitaa upya. Inayobaki juu kila mara, pelekeni msaada bila kusubiri. Inayoruka kutoka nafasi ya 8 hadi ya 40 kwa sababu ya uzito tu, msiitangazie nafasi. Tumeni watu wakahesabu vyumba na mabomba.