Makala Isiyo na Ridhaa Ibatilishwe, na Wenye Damu Waambiwe

Februari 2024, jarida la vinasaba la Molecular Genetics & Genomic Medicine lilibatilisha makala 18 kutoka China, baadhi zikiwa zimetumia sampuli za jamii ndogo, wakiwamo Watibeti na Wauighuri. Malalamiko yalipelekwa mwaka 2021 na Yves Moreau wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, na nyaraka za ridhaa zilipokaguliwa zikaonekana kutolingana na utafiti uliochapishwa. Hoja ilikuwa ridhaa, si usahihi wa vipimo.

Hapa Moshi nimewasikia wenzangu tunaokusanya takwimu vijijini wakisema adhabu hiyo ni kali mno: ikiwa matokeo ni ya kweli, kwa nini mgonjwa wa kesho ayakose? Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Azimio la Helsinki la mwaka 1964, yaani mwongozo wa Chama cha Madaktari Duniani kuhusu maadili ya utafiti kwa binadamu, ambalo limerekebishwa mara kadhaa, linataka utafiti uliokiuka misingi yake usikubaliwe kuchapishwa, na jarida linalouacha linawaambia watafiti wengine kwamba ridhaa inaweza kurukwa mradi majibu yapatikane.

Anayedhani ridhaa ni sahihi tu ya karatasi akae kliniki asubuhi moja. Mama aliyeteremka kutoka Kibosho akiwa na mtoto mwenye homa, akiombwa damu ya utafiti na mtu aliyevaa koti jeupe kama la daktari anayemsubiri, anaweza kuamini kabisa kwamba akikataa mwanawe hatatibiwa. Bibi asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi, na shahidi huyo akiwa ni mfanyakazi wa mradi uleule, ulinzi wake haupo. Kisha kuna damu inayobaki: aliyekubali ipimwe malaria hakukubali kwamba miaka kadhaa baadaye itasafirishwa nje ya nchi kuchunguzwa vinasaba vya ukoo wake, na hili, kwa maoni yangu, ndilo eneo tunalolilegezea zaidi.

Jambo linaloniuma ni kwamba makala ikibatilishwa, tangazo hubaki jaridani, mara nyingi kwa Kiingereza, likisomwa na wataalamu peke yao. Kamati zetu za maadili ziweke sharti tangu siku ya kutoa kibali: makala ikibatilishwa kwa sababu ya ridhaa, watafiti warudi kijijini kupitia kwa mwenyekiti, waeleze kwa Kiswahili kilichotokea, na waseme kama damu iliyobaki imeteketezwa au bado iko kwenye majokofu ya mtu.