Akaukunjua mbele za Bwana

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumanne usiku, nimetoka tu kuomba, simu ikalia. Video nyingine, inasemekana ni ya mashariki ya Kongo. Sekunde chache tu: askari wamelala barabarani, sauti ya mtu akicheka, na chini pameandikwa "sambaza kabla haijafutwa". Kidole kilikuwa kimeshafika penye kale kamshale ka kutuma. Nikaitupa simu kitandani, maana kamshale kale nakajua.

Januari 2025, siku zile Goma inaangukia mikononi mwa waasi wa M23, nilipokea video ya namna hiyo nikaitupia kwenye kundi la jumuiya yetu. Nilitaka tuombe. Imepigwa wapi, lini, na nani, sikuuliza. Kwenye kundi yumo mama ambaye mwanawe ni askari, na alikuwa na siku nne hajaisikia sauti yake. Baadaye alituambia aliitazama usiku kucha, akiisimamisha kwenye kila maiti, akichungulia masikio na viatu kwa kuwa nyuso hazikuonekana. Kijana alipiga simu Ijumaa, mzima. Nilikwenda kwa mama kuomba radhi. Alinipikia chai na akanisamehe, lakini mkono wake ulikuwa bado unatetemeka alipokuwa akimimina.

Tangu hapo sijaachana na 2 Wafalme 18. Mnaikumbuka. Senakeribu, mfalme wa Ashuru, amemtuma amiri wake, naye anasimama chini ya ukuta wa Yerusalemu. Watumishi wa Hezekia, mfalme wa Yuda, wanamsihi aseme Kishami, watu wasielewe. Anakataa, anapaza sauti kwa Kiyahudi. Hotuba ile hakuileta kwa mfalme. Aliileta kwa askari walioketi ukutani, wale wenye njaa na wake nyumbani, ili mioyo yao iyeyuke kabla ya mshale wa kwanza. Hiyo ni habari ya vita inayofanya kazi yake, wapendwa. Inataka uogope, au inataka uchukie, na mara nyingi haijali ni lipi kati ya hayo mawili.

Marehemu baba yangu alikuwa mgambo, aliingia Uganda 1979. Redio Tanzania ilimwita Idi Amin nduli, na nduli alikuwa kweli. Ila baba alisema neno lile lilipofika mstari wa mbele halikubaki kwa Amin peke yake. Kila mwenye sare ya Uganda akawa nduli. Hadi usiku mmoja karibu na Masaka alipowekwa kumlinda mateka, kijana mdogo, akaomba maji kwa Kiswahili, kisha akaanza kusali Baba Yetu kwa sauti ya chini. Baba alisema alijikuta anaitikia. Hakulitumia tena lile neno kwa mtu mwingine yeyote.

Na hapa kwetu Arusha, tarehe 3 Desemba 2003, mahakama ya kimataifa ya Rwanda iliwatia hatiani watu watatu, wawili waanzilishi wa redio RTLM na mmoja mhariri wa gazeti la Kangura, vyombo vilivyochochea mauaji ya kimbari ya 1994. Silaha yao ilikuwa maneno. Redioni jirani Mtutsi aliitwa mende, na waliosikiliza wengi wao walikuwa wamebatizwa, wakijua nyimbo tunazoimba sisi.

Kwa hiyo niseme kwa upendo, lakini niseme. Baadhi yetu tunatoka kwenye kwaya, tunafungua simu na kuandika "wapigwe mpaka waishe" chini ya picha ya maiti, tena tunaongeza "amina". Amina ya nini? Kutoka 23 inakataza kuvumisha habari ya uongo. Wewe uliyeituma hiyo uliipima wapi? Na hata ikiwa kweli, yule aliyelala pale ana mama yake.

Tazameni alichofanya Hezekia. Watu ukutani walinyamaza, wasimjibu amiri neno, kwa amri ya mfalme. Na waraka wa vitisho ulipomfikia, aliusoma. Hakujifanya haupo. Alipanda nao nyumbani mwa Bwana, akaukunjua mbele zake, akakiri kuwa ni kweli wafalme wa Ashuru wameyaharibu mataifa. Habari mbaya ilibaki mbaya, ila Bwana aliiona kabla ya jirani. Mimi nilikunjua kwenye kundi kwanza.

Jumanne ile nilipiga magoti kando ya kitanda, simu imelala kifudifudi mbele yangu, nikamwambia Bwana nilichokiona. Niliwaombea waliolala. Kumwombea aliyekuwa akicheka kulinichukua muda, nikaacha, nikarudi tena.

Ijumaa tunakutana nyumbani kwa yule mama, saa kumi na moja jioni. Simu tutaziacha kwenye ungo mlangoni. Tutamtaja mwanawe kwa jina, na tutamtaja pia kijana wa upande wa pili anayemlenga bunduki, ambaye jina lake Bwana analijua.