Ufuta na misitu ya Kilwa

Wanaolaumu "uvivu wa mkulima" kwa msitu kukatwa ili kulima ufuta huko Kilwa na Lindi, kusini mwa Tanzania, waangalie kwanza hesabu ya jembe. Mche wa ufuta ni dhaifu sana wiki za mwanzo. Magugu yakiutangulia, umekwisha. Shamba lililofyekwa karibuni kwenye miombo na kuchomwa lina majivu na magugu machache, palizi moja inaweza kutosha. Baada ya misimu miwili mitatu magugu yanajaa, rutuba inashuka, palizi zinakuwa mbili au tatu, na kibarua hudai pesa taslimu wakati mkulima hana kitu, kabla ya mavuno. Ardhi mpya yeye haioni ina bei. Nguvu kazi ndiyo ina bei. Kwa hiyo anahama, na aliyefyeka huhesabiwa mwenye shamba.

Bei ya mnada wa stakabadhi ghalani, ambako ufuta wa wakulima hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa pamoja, ikipanda, msimu unaofuata panga zinaingia mbali zaidi. Moto nao hauishii mpakani. Huvuka na kuua miche ya mninga na mpingo.

Kuhubiri hakusaidii. Kupanda ufuta kwa mistari, sentimita 50 kati ya mistari na 10 kati ya miche, kunaruhusu palizi ya haraka, na kijiji chenye msitu wake kihalali kiuze mbao. Baadhi ya vijiji vya Kilwa vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, cha kimataifa cha kuthibitisha kuwa mbao zinavunwa bila kuharibu msitu. Mti unaoingiza pesa kijijini hupata walinzi, mradi fedha zionekane kwenye zahanati na kisima.