Dereva Niliyemnyima Ufunguo

Msimu umeanza tena. Kijana mpya wa ofisini alikuwa anajaza ratiba ya malori, akaniuliza, "Dada, hapa pa 'amelala wapi' tunapajaza ya nini? Dereva si ana leseni?" Nikamwambia ajaze tu, simu zilikuwa zinalia. Usiku ndipo nilipomkumbuka yule kaka wa jaketi la bluu.

Ilikuwa wiki ambayo mizigo imefurika. Madereva wetu wa kudumu wako njiani, waliorudi wamemaliza saa zao, na kila mteja anataka wake ufike kwanza. Tukatafuta deiwaka, yaani dereva wa muda. Utingo wetu mmoja akamleta huyu: leseni ya trela ipo, njia anaijua, wenzake wanamsifu. Na kweli, wengi wa madereva hawa wa muda ni mafundi wazuri wa usukani. Shida yangu ilikuwa moja: dereva wetu najua jana alikuwa wapi, lakini wa muda anakuja na uchovu alioupata kwa watu wengine, na haujaandikwa popote.

Saa tano usiku alikuja kuchukua ufunguo. Nikampa daftari asaini. Kalamu ikaanza vizuri, ikateleza, ikavuka mstari mpaka ukingoni mwa karatasi, na mwenyewe hakuona.

"Kaka, umelala wapi leo?"

"Niko sawa, dada."

"Nauliza umelala wapi."

Akatazama nje kwenye lori. Alikuwa ameendesha usiku kucha kwa kampuni nyingine, akashusha mzigo mchana, akaja kwetu moja kwa moja. Nikapiga hesabu. Mtu aliyekaa macho saa 17 huendesha kama mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, na huyu alishazipita. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, lori hukata mita 22 kila sekunde. Akisinzia sekunde 4 tu, trela lililojaa linakwenda karibu mita 90 bila mtu. Na saa mbaya kuliko zote, kuanzia saa nane usiku hadi alfajiri, zilikuwa bado mbele yake.

Nikauweka ufunguo kwenye droo. Bosi akapiga simu: mpe, nimeshaahidi. Nikamjibu kwamba simpi. Aliyeniumiza zaidi ni kaka mwenyewe. "Dada, mimi nalipwa kwa safari. Ukininyima safari umeninyima hela ya watoto."

Akaketi kwenye benchi karibu na mlango, akapiga simu nyumbani. Simu ikiwa bado inaita sikioni, kichwa kikainama. Akalala. Nikasikia sauti ya mwanamke, "Haloo? Haloo, baba?" na yeye hata hakutikisika. Nikaichukua simu kabla haijaanguka, nikamwambia dada yule kwamba mumewe amelala, yuko salama ofisini kwetu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani safari haipo?"

Alfajiri dereva wetu aliyekuwa amepumzika akaondoka na lile lori. Mteja alilalamika, bosi alininunia, yakapita.

Lakini kaka aliamka, akanawa uso, akaulizia malipo ya usiku ule. Hayakuwepo. Mchana utingo akaniambia amepata trela yadi nyingine, anaondoka jioni. Alifika salama, nilikuja kusikia. Hata hivyo nilijiuliza nilizuia nini, kama usingizi wa benchi ndio aliokwenda nao barabarani. Mkataba namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, unataka dereva asipitishe saa 4 mfululizo bila kupumzika wala saa 9 kwa siku, na apate pumziko la saa 10 mfululizo ndani ya kila saa 24. Saa hizo ni za mtu. Sisi kila yadi inahesabu safari zake yenyewe, na anayelipwa kwa safari hana sababu ya kukutajia alikotoka.

Nilipigania tuwe tunamlipa dereva wa muda tunayemzuia kwa uchovu, walau sehemu ya safari. Bosi alikubali. Tangu hapo wanajibu ukweli zaidi ninapowauliza, ingawa sijui wanakwenda wapi wakitoka getini kwetu. Mwaka huu malipo hayo yametajwa kwenye orodha ya gharama za kupunguza. Kikao ni Jumatatu, na nimeomba nizungumze wa kwanza.