Kumbe ni mwembe!

Wiki mbili intaneti ya dukani inakata na kurudi. Naivuta kutoka nyumbani kwa antena mbili za gigahezi 5, kama mita 300 hivi.

Nimebadilisha waya, nimebadilisha chaneli, wateja wa kuprinti wanasubiri mpaka wanaondoka.

Leo mvua ilipokatika nikapanda juu ya bati, simu mkononi, naangalia nguvu ya mawimbi kwa dBm (hasi ikizidi kuwa kubwa, mawimbi ni dhaifu), -61 imetulia kabisa, ukija upepo tu inashuka -84 halafu linki inakufa.

Nikainua macho. Tawi la mwembe wa jirani, majani machanga mekundu yanachuruzika maji, linayumba katikati ya antena.

Mama mwenye mwembe kanipa panga mwenyewe, nikalikata tawi. Masaa sita sasa intaneti haijakatika, nina raha jamani!

Nyie yenu ilisumbuliwa na nini?